Uzoefu wangu: Mabaki ya ikulu ya Mtemi Isike, Tabora

Mwezi uliopita nilimkodi mwongozaji mjini Tabora, kwa shilingi 30,000 pamoja na nauli ya bajaji, anipeleke kwenye mabaki ya ikulu ya Isike, Mtemi (chifu) wa Unyanyembe, dola ya Wanyamwezi ya hapa Tabora, aliyemrithi Mkasiwa mwaka 1876. Neno "ikulu" lenyewe, ambalo leo likitajwa watu hufikiria Dar es Salaam au Dodoma, taifa limeliazima hukuhuku Unyamwezini.

Atakayekwenda akitarajia magofu ya mawe kama ya Kilwa atarudi amenuna. Ngome ilikuwa ya udongo na miti, nao udongo umerudi udongoni: nilikuta matuta yaliyomezwa na nyasi, na mbuzi wawili juu ya tuta moja. Niliokota donge, nikalibonyeza kwa kidole gumba, likamegeka na kuonyesha alama za mabua ndani yake.

Habari yenyewe ndiyo nzito. Isike, ambaye misafara ya pembe za ndovu haikuweza kupita kwake bila kulipa, aligoma kuwatii Wajerumani, nao wakaishambulia ngome yake mwaka 1892 wakashindwa kuiteka; Januari 1893, kikosi cha afisa wao Tom von Prince kilipopenya, Mtemi aliingia kwenye ghala la baruti akalilipua ili asikamatwe akiwa hai. Wajerumani wakamsimika Nyaso, mwanamke, mahali pake.

Mwongozaji aliyamaliza hayo yote kwa dakika tano, jicho likiwa kwenye simu, kisha akahimiza twende Kwihara kwenye tembe la Livingstone, kwa kuwa "wageni hupenda kule". Mimi si mgeni, nimezaliwa mtaa wa Ng'ambo, hapahapa Tabora, nikamwomba tubaki. Aliyeiokoa safari ni mzee mwenye wale mbuzi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanionyesha kwa fimbo upande ambao babu yake alimwambia ndiko ghala lilikokuwa, kisha akalitazama donge mkononi mwangu.

"Mwanangu, hiyo ni nyumba ya mtu."

Nikalirudisha nilipolitoa.

Mahali ninapapa nyota 4, mwongozaji 2. Sikuona kibao wala kivuli cha maana, hivyo nendeni asubuhi na maji ya kunywa, na kabla ya kulipa mkubaliane kwamba safari ni ya ikulu, Kwihara baadaye.