Shiraz za Hali ya Juu za Australia: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mnunuzi aliye tayari kutoa fedha nyingi kwa chupa moja ya shiraz ya Australia, mvinyo mwekundu wa zabibu zenye jina hilohilo, hukutana kwanza na majina makubwa. Grange ya kampuni ya Penfolds na Hill of Grace ya kampuni ya Henschke hutajwa kila mahali, na bei zake hukaribia au kupita dola 1,000 za Australia kwa chupa ya mililita 750, kiasi kwamba mtu anaweza kudhani kila kilicho chini yake ni cha kubahatisha. Mpangilio ninaoutoa hapa haufuati umaarufu. Unafuata swali moja: bei inapopanda, mnunuzi analipia zabibu, analipia mbao za pipa, au analipia jina?

Nafasi ya kwanza naipa St Henri, ambayo nayo ni ya Penfolds. Jina lake ni la zamani zaidi, lakini ilifufuliwa na John Davoren katika miaka ya 1950, wakati uleule ambapo Max Schubert, ndani ya kampuni hiyohiyo, alikuwa akiijenga Grange. Schubert alitumia mapipa mapya ya mwaloni wa Marekani, yanayoupa mvinyo harufu ya vanila na nazi. Davoren alishika njia ya kinyume, na mpaka leo St Henri hukomazwa katika mapipa makubwa makuukuu ya lita 1,460, ambayo kwa uzee wake hayana tena ladha ya mbao ya kutoa. Kinachofika mdomoni ni zabibu yenyewe: zambarau zilizoiva sana, forosadi, kakao kidogo, na ukakasi laini unaoshika fizi bila kuzikausha. Ikihifadhiwa vizuri kwa miaka kumi au zaidi, utamu wa matunda hutulia, na harufu ya ngozi, tumbaku na udongo ulionyeshewa huchukua nafasi. Yote hayo hupatikana kwa bei isiyofika robo ya ile ya Grange.

Ya pili ni Mount Edelstone ya Henschke, inayotoka Eden Valley, kwenye vilima vilivyo juu ya bonde la Barossa katika jimbo la Australia Kusini. Mizabibu yake ilipandwa mwaka 1912 na bado imesimama kwa mizizi yake yenyewe, kwa sababu filoksera, mdudu mla mizizi aliyeangamiza mashamba ya Ulaya katika karne ya 19 na kufika hata jimbo jirani la Victoria, hakuingia Australia Kusini. Mzabibu mkongwe huzaa vichala vichache, na utamu na rangi hujikusanya humo. Kwa kuwa usiku wa vilimani ni baridi, uchachu haupotei, na ndiyo maana mvinyo huu una harufu ya majani makavu ya viungo, pilipili manga na matunda meusi kwa pamoja, bila uzito wa jamu. Mnunuzi anayevutwa na maneno ya kusifu ukongwe wa mizabibu kwenye lebo ajue kwamba Barossa ilijiwekea mkataba mwaka 2009 unaopanga madaraja kwa umri: miaka 35, 70, 100 na 125. Lebo inayotaja daraja hilo inasema jambo linalopimika. Nyingine ni sifa tu.

Nafasi ya tatu nimeigawa, kwa sababu mivinyo miwili ya maeneo ya baridi inalingana kwa ubora lakini si kwa tabia. Langi, ya Mount Langi Ghiran katika Grampians, Victoria, ina harufu ya pilipili manga isiyofichika. Inatokana na rotandoni, kemikali ileile iliyomo ndani ya pilipili manga, ambayo watafiti wa Australia waliitambua katika shiraz mwaka 2008. Mtu mmoja kati ya watano hivi hawezi kabisa kuinusa, kwa hiyo wawili wanaokunywa kutoka chupa moja wanaweza kubishana, na wote wakawa wakweli. Clonakilla ya Murrumbateman, karibu na Canberra, huchachusha shiraz pamoja na zabibu nyeupe chache za viognier, desturi ambayo Tim Kirk aliichukua kutoka bonde la Rhône, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Harufu yake ni ya maua, na mdomoni ni mwepesi kuliko rangi yake inavyoashiria.

Anayependa nguvu achukue The Dead Arm ya d'Arenberg, kutoka McLaren Vale, Australia Kusini. Jina lake, yaani mkono uliokufa, linatokana na kuvu inayokausha tawi moja la mzabibu, na lile linalobaki huzaa zabibu chache zenye ladha nzito. Mvinyo wake ni mweusi, wenye kileo cha kutosha, na unadai nyama yenye mafuta. Kwa samaki haufai hata kidogo.

Grange na Hill of Grace nimeziweka mwisho, na si kwa kukosa ubora. Mwaka 1957 wakubwa wa Schubert walimwamuru aache kutengeneza Grange, naye akaendelea kwa siri. Historia hiyo ni ya kweli na ya kuvutia, lakini imo ndani ya bei. Zaidi ya hayo, Grange changa huwa ngumu, na asiye na mahali pa baridi pa kuitunza kwa miaka 15 au 20 hulipia kitu ambacho hatakionja.

Kabla ya kulipa, angalia chupa ilikuwa wapi dukani. Iliyosimama dirishani juani iache, hata ikipunguzwa bei. Shiraz hizi huonjwa vyema kwenye nyuzijoto 16 hadi 18, jambo ambalo kwa Dar es Salaam au Mombasa maana yake ni nusu saa hivi ndani ya friji kabla ya kufungua. Chupa ya miaka mingi isimamishwe siku moja ili mashapo yatue chini, kisha imiminwe polepole. Na asiye na uhakika kama anaupenda mtindo huu aanze na Bin 28 ya Penfolds, iliyo nafuu zaidi ya zote nilizotaja, yenye zabibu za Australia Kusini zilizoiva kwenye joto na mwaloni wa kiasi.