Nyonga imewekwa vizuri, wodi imeniudhi

Nianze na sifa kabla hasira hazijapanda. Daktari aliyembadilishia mama nyonga anaijua kazi yake: ganzi ya sindano mgongoni, dawa ya kupunguza kuvuja damu kabla ya kisu, na jioni ile ile mama alikunywa uji. Nyota tano.

Sasa wodi. Upasuaji ulikuwa Ijumaa, na mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, harudi mpaka Jumatatu. Nikauliza nani atamsimamisha. Nesi, bila hata kugeuka: "Kaka, unataka nyonga ichomoke?"

Dada yangu, haichomoki kwa kusimama wima. Inachomoka mtu akikaa chini sana magoti yakazidi nyonga, akikunja nne, au akigeuza mguu kwa ndani. Na choo chenu ni kifupi vile, bila kiti cha kukiinua! Daktari asipoandika vingine, mgonjwa husimama siku ile ile nguvu za miguu zikirudi: akae kwanza ukingoni mwa kitanda, maana presha hushuka ghafla, kisha ainuke na watu wawili pembeni. Daktari wa upasuaji Henrik Kehlet wa Denmark analisema hili tangu miaka ya 1990, na kwao wengi hurudi nyumbani baada ya siku moja hadi tatu. Kinachomlaza mtu ni mpira wa mkojo uliosahaulika, morfini, dawa kali ya maumivu, inayomtapisha, na paracetamol inayosubiri mpaka alie, badala ya gramu moja kila baada ya saa sita. Akilala hivyo, damu inaweza kuganda mguuni.

Jumatatu fizio akaja, kijana hodari, lakini na woka gani, ile fremu ya kutembelea! Miguu mitatu ina raba, wa nne chuma kitupu, juu ya marumaru iliyotoka kupigwa deki. Tena fupi: mshikio unatakiwa ufike kwenye kifundo cha mkono mgonjwa akisimama mikono chini, huu uliishia pajani, mama akainama akiusaka. Kijana akaona aibu, akaenda kutafuta nyingine. Basi, nyota tatu kwa ajili yake.

Halafu bili: kitanda cha Jumamosi na Jumapili tunalipa sisi. Moja!

Mkilazimika kwenda, maana daktari ni mzuri kweli, ombeni upasuaji wa Jumatatu au Jumanne, mnunue woka yenu mapema, na muigeuze mhesabu raba zote nne kabla ya kutoa hela.