TAHADHARI: Muuzaji wa "lipia salio tu" kwenye seti za nyumba za magogo

Wadau mnaopanga kujijengea nyumba ya magogo kwa bajeti ya kubana, kuna tangazo limeanza kuzunguka tena. Linakwenda hivi: mteja aliagiza seti nzima ya nyumba, akalipa zaidi ya nusu, kisha mambo yakamharibikia. Magogo yameshachongwa, yamelala kiwandani, na mwenye kiwanda anataka uwanja wake. Wewe umalizie salio tu, seti iwe yako, na usafiri ni juu yao. Picha zinavutia kweli: veranda pana, dohani ya mawe, ziwa kwa nyuma.

Mteja huyo hayupo na hajawahi kuwepo. Hilo "salio" ndiyo bei kamili ya utakacholetewa, na mara nyingine inazidi. Hadithi yenyewe ni kongwe, ilishazunguka kwenye matangazo madogo ya magazeti kabla haijahamia mitandaoni.

Jina la muuzaji silitaji, na sababu ni kwamba halina faida. Kila akichafuka anabadilisha jina, nembo na namba za simu, ila maneno na picha hubaki zilezile. Ushikeni mchezo wenyewe. Mimi ni fundi, naitwa kusimamisha kuta watu wakishanunua, kwa hiyo mzigo wa aina hii nimeuona ukishushwa kwenye lori, sikusimuliwa.

Wengi hudhani tapeli ni yule anayepokea pesa akazima simu. Huyu hazimi simu, na ndiyo maana kumfikisha popote ni kazi. Lori linafika. Magogo yamo. Risiti unayo. Shida inaanza ukishashusha, na kwa kawaida wakati huo pesa yote imeshamfikia.

Uongo mkubwa uko kwenye unyevu. Tangazo linasema "magogo makavu ya tanuri", na ukidai ushahidi unatumiwa picha ya muhuri wenye herufi HT. Muhuri huo unasema mti umepashwa joto hadi kiini kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, basi. Shabaha ni kuua wadudu. Ni sharti la kimataifa la makreti na paleti zinazovuka mipaka, linaitwa ISPM 15, na halihusiani na ukavu: gogo linaweza kupita humo likatoka na maji yake yote. Mti uliokaushwa tanurini huandikwa KD, na kipimo kilichozoeleka kwa mbao za ujenzi ni unyevu usiozidi 19%. Tena gogo nene la mviringo ni gumu mno kulikausha hadi katikati. Anayekuambia ana magogo ya sentimita 35 yaliyokauka hadi kwenye kiini, kwa bei ya kutupa, mtake karatasi za vipimo kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa nini nang'ang'ania maji? Mti huanza kusinyaa unyevu unaposhuka chini ya 30% hivi, na husinyaa kwa unene. Kwa urefu haupungui kiasi cha maana. Ukuta wa magogo yaliyolazwa ni unene juu ya unene, kwa hiyo wote unatitia. Kanuni ya wajenzi wa magogo ya mviringo ni kuacha nafasi ya 6% kama magogo ni mabichi. Kwenye ukuta wa mita 2.5 hiyo ni sentimita 15. Wakati huohuo nguzo iliyosimama wima haishuki, dirisha halishuki, ngazi haishuki. Fundi anayejua kwamba mti ni mbichi huacha nafasi juu ya kila fremu, huifunga fremu kwa namna ya kuruhusu magogo yateleze, na chini ya kila nguzo huweka jeki ya skrubu anayoishusha kidogo kidogo kwa miaka ya mwanzo.

Nisieleweke vibaya. Kujenga kwa magogo mabichi si kosa, watu wamejenga hivyo karne na karne na nyumba zimesimama, na kwa mwenye bajeti ndogo huenda ndiyo njia ya busara zaidi. Ubaya ni kuuziwa mabichi kwa jina la makavu, kwa sababu michoro inayokuja na seti hii haina nafasi hata ya upana wa kidole juu ya madirisha. Baada ya mwaka milango inabana, vioo vinapasuka, magogo yanaegemea fremu badala ya kuegemeana na mwanga unapenya katikati yake. Ukimpigia anakujibu kwa upole kabisa kwamba fundi wako ndiye aliyekosea kupanga.

Kumpima ni rahisi. Kwanza kataa kipimo chake cha unyevu, kile cha pini. Atakichomeka kwenye ncha ya gogo, na ncha ndiyo hukauka kabla ya kwingine, au ataligusa juu juu akusomee namba ya ganda la nje. Omba gogo moja likatwe mbele yako, nusu mita hivi kutoka mwisho, halafu utoe hapo kisahani chembamba. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki kisipoteze maji njiani. Nyumbani kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103, na uwe unakipima tena na tena hadi uzito ukome kupungua. Uzito wa kwanza toa uzito mkavu, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha mara 100. Kipande cha gramu 700 kilichobaki gramu 500 kina unyevu wa 40%, na hapo hakuna tanuri lililohusika. Muuzaji mkweli hatakunyima kipande cha mti. Huyu alimnyima mteja mmoja ninayemfahamu kwa hoja kwamba kukata gogo "kunavunja namba za seti".

Akibanwa kuhusu tanuri hurukia dai jingine, kwamba hii ni miti iliyofia msituni ikiwa imesimama. Miti ya namna hiyo ipo kweli, iliyouawa na moto au na mbawakawa wa magome, na ikiwahiwa kabla haijaoza ni mali nzuri, kwa kuwa imekwisha kukauka. Itakuwa na nyufa ndefu za kufuata nyuzi na magome yanayobanduka kwa mkono. Ukikuta gome limeng'ang'ania, na chini yake kuna utelezi wa maji, mti huo ulikatwa ukiwa hai juzijuzi. Madoa ya bluu na kijivu yasikutishe, ni kuvu wanaoletwa na mbawakawa na hawapunguzi nguvu ya mti kwa kiasi cha kukukosesha usingizi. Kinachotisha ni bisibisi kuzama kama kwenye keki.

Husema pia kwamba magogo "yamechovywa dawa" ya borati dhidi ya wadudu na kuvu. Hilo nalo linapimika. Dawa ya kupimia imetokana na manjano ya jikoni yaliyoyeyushwa kwenye spiriti, ikifuatiwa na majimaji yenye tindikali, na penye borati ya kutosha rangi ya njano hugeuka nyekundu. Hata kama aliweka, borati huoshwa na mvua, kwa hiyo gogo lililolala nje bila kufunikwa limekuwa likiipoteza siku zote hizo.

Sasa vipimo vya kanda, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya. Gogo lina shina nene na ncha nyembamba. Chukua la mita 6, lenye sentimita 30 kwenye shina na 22 kwenye ncha. Ukikokotoa ujazo kwa shina unapata mita za ujazo 0.42, kwa ncha unapata 0.23, na ujazo halisi ni kama 0.32. Yeye anakutoza kwa shina. Ukidai mkataba wa idadi badala ya ujazo anakubali haraka, kisha analeta idadi ileile ya magogo membamba. Uliahidiwa sentimita 25, umeletewa 20: kila gogo lina mti pungufu kwa 36%. Ukuta wa mita 2.5 uliohitaji safu 10 sasa unataka 13, hata kabla ya kutoa sehemu inayochongwa ili magogo yakaliane. Nilikuta kuta zilizoishia mita 2 juu ya sakafu na magogo yamekwisha. Mwenye nyumba ni mrefu.

Kwa hiyo kwenye mkataba iandikwe kipenyo cha chini kabisa, kikipimwa kwenye ncha bila gome, pamoja na aina ya mti, urefu wa kila gogo na unyevu wa juu unaokubalika. Neno "wastani" likiingia hapo, lifute.

"Seti kamili" yake ni magogo ya ukuta tu. Skrubu ndefu za kufungia magogo hazimo, gasketi na dawa ya kuziba mianya hazimo, jeki hazimo. Msingi, paa, sakafu, madirisha, umeme na mabomba hata usiulize. Nyumba ya magogo iliyokamilika kwa kawaida hula mara mbili, mara tatu au zaidi ya bei ya seti, na anayekutajia bei ya mita ya mraba bila kusema inahusu nini anajua vizuri anachoficha. Michoro nayo haina muhuri wa mhandisi, kwa hiyo kibali kinakwama wakati magogo yanalowa uwanjani. Marekani, kwa mfano, ina kiwango cha ujenzi wa magogo, ICC 400, tangu 2007, na kinataka magogo yawe yamepangwa madaraja. Kwingine kuna taratibu zake. Mkaguzi wa majengo wa eneo lako aulizwe kabla ya arubuni kutoka, na jibu lake uwe nalo kwa maandishi.

Kuhusu malipo, mtindo wake haubadiliki: nusu leo kwa sababu kuna mwingine anayeitaka, iliyobaki kabla ya lori kuwashwa. Akaunti ni ya mtu binafsi. Ukitaja kuweka pesa kwa mtu wa tatu, anakuletea kampuni ya amana aliyoichagua mwenyewe, yenye tovuti ya juzi. Sharti la amana lisiwe la kubishaniwa, na wa kuichagua ni wewe. Gawa malipo kwa hatua, na fungu la mwisho, la kuuma kweli, lisitoke mpaka magogo yamehesabiwa na kupimwa chini. Muuzaji wa kweli atakwambia anahitaji kitu cha kuanzia, na ana haki, maana kuchonga magogo ni gharama. Hatakuambia alipwe yote kabla hujaona hata moja.

Picha zake zipitishe kwenye utafutaji wa picha, mara nyingi utazikuta kwenye tovuti ya mjenzi mwingine kabisa. Kisha omba video: azunguke rundo lote, kanda ya kupimia ikiwa kwenye ncha za magogo, na karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo ibandikwe juu ya gogo. Wengi huishia hapa. Wanakuita mtu mgumu na kuhamia kwa mwingine.

Siku ya lori, jipange. Uliza mapema nani anashusha, kwa mashine gani, na kama lori lenyewe linaweza kufika kiwanjani. Dereva atakuharakisha, saa zake za kusubiri zinahesabiwa, na kwenye hati ya kupokelea kuna mstari mdogo unaosema mnunuzi amekagua mzigo na ameridhika. Kabla ya saini yako andika kwa mkono: "umepokelewa, haujahesabiwa wala kukaguliwa". Piga picha hati hiyo.

Kama mzigo umeshafika na unaona dalili hizi, usikate gogo hata moja la kujengea wala kuanza kupanga ukuta, kwa sababu ukishaanza kujenga atasema umeukubali. Chana plastiki iliyofunga marundo, ndani yake ndimo ukungu unapozaliana. Panga magogo juu ya vipande imara, sentimita 30 au zaidi kutoka ardhini, weka fito kati ya safu hewa ipite, funika juu na uache pembeni wazi. Pima kila ncha, piga picha kila moja kipimo kikionekana, toa vile visahani vya unyevu kutoka magogo mawili matatu, kwa ushahidi tu, na uviweke na ushahidi mwingine. Barua ya malalamiko itoke kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba, ambao kwake huwa mfupi sana. Benki ijulishwe siku hiyohiyo, hasa kama ulilipa kwa kadi, kisha polisi.

Na atakayekupigia baadaye akidai anaweza kukurudishia pesa yako kwa ada ndogo ya kufungulia faili, usimpe hata jina. Orodha za waliotapeliwa huuzwa, na mara nyingine anayepiga ni yuleyule.