Nimelipa laki mbili na nusu ofisi iniandikie imeili kwa programu za rezidensi Marekani, haya ndo niliyoyaona

Ugonile wana Mbeya, na wa Iringa na Njombe kamwene. Naandika hii rivyu kwasababu nimechoka kujibu swali moja kila siku inbox, vijana wanaomaliza intern wananiuliza dokta hivi nikiona Novemba inaisha na sina intavyuu hata moja niwaandikie programu au nikae kimya, na wengine wameshaambiwa kuna ofisi hapa mjini inakufanyia hiyo kazi ya kuwaandikia. Ofisi nimeitumia. Jina sitalitaja maana sitaki kesi na mtu, ila nitasema nilichouziwa.

Kwa ambaye hajui, rezidensi ni kusomea ubingwa, kama MMed kwetu, tofauti ni kwamba kule unalipwa mshahara. Unaomba kupitia mfumo wa ERAS, na sisi tuliosoma nje ya Marekani tunatakiwa tuwe na cheti cha ECFMG, wale wanaohakiki madaktari waliosoma nje, kabla ya kuanza kazi, yaani umefaulu mitihani ya leseni ya kule, Step 1 na Step 2 CK, na ule mtihani wa Kiingereza wa OET. Programu zinafungua maombi mwishoni mwa Septemba, intavyuu zinaanza Oktoba mpaka Januari, halafu wewe na programu kila mmoja anapanga listi ya anaowataka, mfumo unaoitwa Match unazilinganisha, majibu Machi. Mimi niliomba tiba ya familia na magonjwa ya ndani, mpaka wiki ya pili ya Novemba simu kimya imeili kimya, kila nikisikia mlio nachomoa simu mfukoni hata nikiwa wodini, kumbe ni mtandao unaniuzia bando.

Sasa ile ofisi ina huduma tatu. Ya kwanza kuskani na kupanga vyeti, elfu tano tano, safi kabisa, kijana wa pale anajua kazi, PDF haitoki imepinda. Ya pili ndo hiyo wanaiita kifurushi cha kufuatilia, laki mbili na nusu, wanaandika imeili kwa programu 100 kwa niaba yako. Ya tatu nitaisema chini huko, na ndo iliyonifanya nisiwachukie.

Hiyo ya pili jamani. Nilimuuliza kijana, mdogo wangu mnaandika nini hasa? Akaniambia dada dokta usihofu sisi tuna barua yetu ishawapeleka watu, wewe tulia. Nikatulia kweli, mtu ukiwa na wasiwasi unanunua chochote ukiambiwa ni dawa. Siku tatu baadae nikaomba nione zilizotumwa, akasita sita, akanifungulia.

Kwanza zimetumwa kutoka anwani mpya waliyoitengeneza wenyewe, sio ile niliyojazia kwenye ERAS. Pili hakuna namba yangu ya AAMC, yaani namba ya muombaji kwenye ERAS, hata sehemu moja, na ile namba ndo kila kitu maana koordineta, yule mratibu wa programu, ana maelfu ya majina pale, bila namba anakutafutaje, jina lenyewe la kwetu kila mtu anaandika kivyake. Tatu, na hapa nilicheka kwa uchungu, barua ni moja kwa wote, programu za tiba ya familia zimeambiwa kwamba tangu utotoni ndoto yangu ni magonjwa ya ndani. Kuna moja imesifia mji ambao programu haipo. Na kuna zaidi ya kumi ambazo kwenye tovuti zao wameandika wazi msitutumie imeili kuulizia intavyuu, nao wametumiwa. Yaani mtu kabandika kibao mbwa mkali na wewe unasukuma geti.

Majibu yaliyorudi: mengi hakuna, machache ni yale ya kujijibu yenyewe, mawili ya binadamu yakisema asante maombi yanaendelea kupitiwa. Intavyuu sifuri. Nilipoenda kulalamika mzee mwenye ofisi akaniambia mwanangu sisi tuliahidi kutuma, hatukuahidi kujibiwa. Kisheria yupo sahihi yule mzee lakini pesa iliuma, gunia la viazi shilingi ngapi Mbeya hii we fikiria mwenyewe.

Je ina maana kuandika ni upuuzi? Hapana, na hapa ndo nataka vijana wasome taratibu. Baada ya hasira kupoa nilikaa nikachambua mwenyewe zile programu nilizoomba, nikaona nina cha kusema kwa sita tu. Sita! Kati ya zote nilizolipia. Kwa zilizobaki ningekuwa naandika nipeni nafasi nipeni nafasi, na hiyo wanayo tayari, ndo maana ya kuomba.

Cha kusema ni nini. Mfano cheti changu cha ECFMG kilitoka baada ya kutuma maombi, hiyo ni habari mpya, mtu wa kule anaweza kuwa aliniweka pembeni kwa kukosa hicho tu. Mwingine amefaulu Step 3, mtihani wa mwisho wa leseni, mwingine amemaliza kuzungukia hospitali kule kama mwangalizi na kapata barua ya daktari wa kule. Au una mtu mji ule, mimi mjomba wangu anaishi Ohio miaka mingi, na hawa watu wanaogopa kuita mtu ambaye hataipanga programu yao juu kwenye listi, ukiwaonyesha una sababu ya kuja kwao inawasaidia. Kitu ambacho imeili haibadilishi ni vichujio, kama wameweka lazima uwe umemaliza chuo ndani ya miaka mitano na wewe una nane, au hawapokei watu wa viza ya J-1, ile wanayoitumia wengi wetu wa nje, hata uandike kama mshairi haikusaidii. Hayo soma kwenye tovuti yao kwanza kabla hujauliza, kuuliza kitu kilichoandikwa ukurasa wa mbele kunakupunguzia.

Halafu kuna zile signali siku hizi, unatuma kwenye ERAS kuonyesha programu unazozitaka kweli, tiba ya familia wanakupa 5 na magonjwa ya ndani 15, 3 za dhahabu kwa unazozitaka zaidi na 12 za fedha. Mimi signali moja niliitupa kwa programu kubwa yenye jina ambayo hata hawachukui watu wetu, ujinga wangu. Signali ina uzito kuliko imeili kumi, na ukishatuma maombi huirudishi, kwahiyo akili nyingi peleka kule mwezi wa tisa, usisubiri kulia mwezi wa kumi na moja kama mimi.

Niliandika zile sita kwa mkono wangu, mistari saba kila moja, kwa koordineta na nakala kwa mkurugenzi wa programu, kichwa cha imeili jina langu na namba ya AAMC na fani. Nikazituma mwishoni mwa Novemba, maana kipindi kile wale wenye intavyuu ishirini huanza kuachia zingine na nafasi zinafunguka. Mara moja tu, sikurudia. Ile ya Ohio ilijibiwa siku ya pili, wananipa tarehe. Nyingine moja ikasema nipo kwenye listi ya kusubiri. Nne kimya mpaka leo. Siwezi kuapa kwamba ni barua ndo iliyofanya, huenda walikuwa wananifikia tu, ila koordineta alitaja cheti.

Jambo jingine ambalo ofisi walitaka kuniuzia na nikakataa, eti Machi nikikosa wataniandikia programu zenye nafasi zilizobaki. Huko ni SOAP, utaratibu wa kujaza nafasi zilizobaki baada ya Match, na sheria za NRMP wanaoendesha Match zinakataza muombaji kuanza kuwatafuta, wao ndo wanakutafuta. Ukivunja unajiharibia mwenyewe. Nilimwambia kijana akasema hakujua, namuamini, ila anauza.

Haya huduma ya tatu, chumba. Intavyuu ni za mtandaoni, na nyumbani kwangu umeme ukiamua kuondoka unaondoka, jirani ana jogoo, na mvua za Desemba kwenye bati wewe unajua, hata mwenyewe husikii unachosema. Pale wana chumba kidogo cha ndani, dari nzuri, intaneti ya faiba, jenereta inawaka kabla hujamaliza kusema Yesu, taa inakupiga usoni vizuri weusi wetu unaonekana sio kivuli kinaongea. Elfu kumi na tano kwa saa. Intavyuu yangu ya Ohio ilikuwa saa tatu asubuhi yao, yaani saa kumi na moja jioni yetu (angalieni, mwanzoni mwa Novemba wanarudisha saa nyuma, tofauti yetu na Ohio inatoka masaa 7 inakuwa 8, kuna mwenzangu nusura akose). Nilitoka saa mbili usiku baridi imeshashuka, kijana kanisubiri na chai ya tangawizi, hakunidai ya chai.

Kwahiyo kuskani nyota nne, chumba nyota tano, kifurushi cha imeili nyota moja na hiyo moja ni ya yule kijana alivyonifungulia nione. Wale wa listi ya kusubiri wameniita juzi, chumba nimeshalipia Alhamisi ijayo kuanzia saa kumi na mbili jioni, ukikitaka siku hiyo nenda mapema mchana.