Peintiboli: nunua nini kwanza ukitaka shabaha

Katika peintiboli, mchezo wa kufyatuliana gololi za rangi, mtu akikosa shabaha hulaumu bunduki, kisha hutafuta mtutu mrefu kama wa gobore. Mimi ningepanga matumizi hivi.

Namba moja, tena kwa mbali, ni gololi za rangi zenyewe. Kipenyo chake ni takriban inchi 0.68, ila ganda ni jelatini, na jelatini hunywa unyevu. Ukiacha mfuko wazi kwenye hewa ya Mombasa au Dar es Salaam, zinavimba, zinalainika, nyingine zinabonyea upande mmoja. Gololi isiyo mviringo haiendi moja kwa moja hata kwa bunduki ya bei ya pikipiki. Kabla ya kulipa, zungusha chache juu ya meza, zikiyumba, rudisha. Papasa pia mshono: usiwe umetokeza. Boksi la mwaka jana lililoshushwa bei, liache dukani.

Pili, mtungi wa kusukuma gololi: uwe wa hewa iliyoshindiliwa, si wa kaboni dioksaidi. Kaboni dioksaidi hukaa mtungini kama kimiminika. Ukifyatua mfululizo mtungi unapoa, shinikizo linashuka, na gololi za mwisho zinaangukia karibu kuliko za kwanza. Mtungi wa hewa una rigyuleta, yaani kifaa cha kusawazisha shinikizo, mambo hayo yanapungua sana. Viwanja vingi huweka kikomo cha kasi kati ya futi 280 na 300 kwa sekunde, lakini shabaha haitokani na kukifikia. Kila gololi itoke kwa kasi ileile, basi.

Tatu ni mtutu, na hapa nunua seti yenye vipenyo kadhaa. Tumbukiza gololi: ikipita yenyewe, mtutu ni mpana, ikigoma hadi uipulize kwa nguvu, itapasukia ndani. Unayoitaka husimama, kisha hutoka kwa pumzi ndogo. Urefu wa inchi 12 hadi 14 watosha, zaidi ya hapo ni msuguano tu na mapambo.

Usisahau kifutio cha mtutu. Ni cha bei ndogo, na gololi moja ikipasuka ndani, zinazofuata zote zinapinda hadi ufute.

Bunduki ya elektroniki naiweka mwisho. Inafyatua haraka, ndiyo, lakini Tippmann 98 ya zamani, bunduki isiyo ya elektroniki, yenye gololi safi inanitosha. Na kama unakodi bunduki uwanjani, nunua kifutio tu, halafu uliza boksi la gololi lilifunguliwa lini.