Mshauri wa ana kwa ana au wa simu?

Ukiishi Lamu, kumwona mshauri nasaha Malindi ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen. Siku nzima imekwenda. Lakini huyo anaiona mikono yako ikitetemeka, na ukinyamaza anajua kungoja. Kwa simu hulipi nauli, ila nyumba zetu zimeshikana: mimi nilikuwa nikipanda darini, nikinong'ona, huku jirani akianua nguo dari ya pili. Nusu ya maneno niliyameza. Kikao cha kwanza, kokote, ni maswali tu: usingizi, familia, kilichokuleta. Dakika 50 hivi. Usitarajie nafuu siku hiyo. Mimi ningeanza ana kwa ana, simu baadaye. Ukiwaza kujidhuru, usingoje miadi. Nenda hospitali leo.