Kupaka Rangi Juu ya Kromu Nairobi: Kazi za Kulipia na za Kukataa

Siku hizi wenye magari ya zamani Nairobi, iwe Volkswagen Beetle au Mercedes W123, wengi hawataki tena bampa inayong'aa. Wanaitaka nyeusi, au rangi ya bodi. Wengine kromu yao, lile tabaka jembamba la metali linalong'aa, imeanza kubanduka na gharama ya kuchovya upya, yaani kurudishia tabaka hilo karakanani, ni kubwa kuliko walivyojipangia. Mtu anashuka Kirinyaga Road, ananunua rangi, anamwachia fundi. Mvua za Aprili zikipita, rangi inatoka vipande vipande, na chini yake kromu inang'aa vilevile.

Rangi hailaumiwi hapo. Kromu ni ngumu na nyororo mno, rangi haipati pa kushika. Pesa ya maana katika kazi hii ni ile inayolipia maandalizi, na ndicho kipimo nilichotumia kupanga njia zilizopo mjini.

Kabla ya bei, jua kipande chako ni cha nini. Chukua sumaku. Ikinata, una chuma. Isiponata na kipande ni kizito kwa ukubwa wake, kama kitasa cha mlango au nembo, huenda ni zinki iliyomiminwa. Ikiwa chepesi na ukikigonga kwa ukucha kinalia kikavu, ni plastiki, kama grili nyingi za magari ya miaka ya karibuni. Kuna pia stenlesi, ambayo mara nyingi haishiki sumaku na haina kromu yoyote juu. Hiyo ing'arishe tu, usiipake. Ukikosea hapa, unaweza kupeleka grili ya plastiki kwenye tanuri la rangi ikarudi imepinda.

Ya kwanza: kusugua, praima ya epoksi, kisha rangi ya 2K

Hii ndiyo ningemshauri mtu yeyote mwenye kromu ambayo bado imeshika vizuri. Wengi hudhani lazima kromu yote itoke. Si lazima. Kwa kawaida chuma huchovywa nikeli, mara nyingine na shaba chini yake, halafu kromu juu. Kromu yenyewe ni nyembamba sana, mara nyingi haifiki maikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita). Unene uko kwenye nikeli, na nikeli iliyoshika imara ni msingi mzuri wa rangi. Kinachohitajika ni kuivunja ile nyororo ya juu.

Utaratibu ndio unaoulipia. Kwanza kipande kioshwe kwa sabuni, kisha kipanguswe kwa thina na kitambaa safi. Hilo lifanyike kabla ya msasa, kwa sababu msasa ukipita juu ya grisi au nta huisukuma ndani ya mikwaruzo. Baada ya hapo msasa namba 180, kisha 320, mpaka pasibaki hata doa moja linalong'aa, pamoja na kwenye kingo na matundu ya bolti. Penye kromu iliyobanduka, ukingo wake usuguliwe mpaka kidole kikipita kisihisi ngazi. Ngazi ikibaki, kubanduka kutaendelea chini ya rangi mpya. Msasa ukifika kwenye chuma kitupu si tatizo, ila praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, ipigwe siku hiyohiyo.

Kuna kipimo unachoweza kukifanya mwenyewe pale gereji. Mwagia maji kidogo kwenye kipande kilichosuguliwa. Maji yakitandaa kama utando mmoja, uso uko tayari. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta, na fundi arudie kuosha. Halafu kikaushwe kabisa kabla ya praima. Fundi akikuambia, "Bosi, hii praima itashika tu, hakuna haja ya kusugua," chukua bampa yako uondoke. Hata praima yenye asidi, inayosifiwa kwamba inajichimbia, haichimbi kromu ambayo haijakwaruzwa.

Praima ya epoksi isiachwe bila rangi juu. Jua huigeuza kuwa unga, na Nairobi, karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700, jua ni kali hata siku ya baridi. Juu yake nataka 2K, rangi inayochanganywa na hadena (kemikali ya kuigandisha), wala si NC (nitroselulosi), inayokauka thina ikishapaa tu. NC ni rahisi na hukauka haraka, lakini petroli ikimwagika hulainika, na mng'ao wake hufifia mapema.

Unaponunua, hadena iwe ya kampuni ileile iliyotengeneza rangi, kwenye kopo lililofungwa. Hadena huharibiwa na unyevu wa hewani. Ukipimiwa kutoka kopo lililofunguliwa zamani, ikatiwa kwenye chupa ya soda, hujui unanunua nini. Kiwango cha kuchanganya kimeandikwa kwenye kopo; fundi apime, asikadirie kwa jicho. Pia 2K ina isosayaneti, kemikali za kwenye hadena ambazo huumiza mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Gereji inayopuliza 2K bila barakoa ya vichujio, watoto wakipita mlangoni, siipi kazi yangu hata iwe na bei nzuri.

Kwa plastiki njia ni hii hii, kwa msasa laini zaidi na praima maalumu ya plastiki. Kuwa mwangalifu na kromu inayobanduka kwenye plastiki: kingo zake hukata kama wembe. Vaa glavu.

Ya pili: rangi ya unga inayookwa

Kwa bampa ya chuma ya gari linalopita barabara za murramu, hii huvumilia mawe kuliko rangi ya kupuliza. Ningeiweka ya kwanza kama si masharti yake. Unga huokwa kwenye tanuri la nyuzi 180 hadi 200 hivi, kwa hiyo plastiki haiingii. Zinki nayo huweza kutoa hewa ikipata moto, rangi ikajaa vipovu. Na kromu iliyoanza kulegea ikibaki chini, itabanduka pamoja na unga wote.

Kwa hiyo uliza maswali mawili. Kromu itatolewa vipi? Kupuliza mchanga peke yake huchukua muda mrefu kwa sababu nikeli ni ngumu, na bati jembamba huweza kupinda likipigwa sana. Pili, unga ni wa aina gani? Kwa kipande cha nje omba poliesta. Unga wa epoksi peke yake utapauka juani kama nilivyoeleza juu.

Ya tatu: stika ya vinaili

Inafaa kwa vipande vilivyonyooka na kwa mtu ambaye huenda akataka kromu yake tena. Inataka kromu nzima. Juu ya kutu itavimba. Rangi ya raba ya kopo, ile inayobanduliwa kama ngozi, ni ya daraja hilohilo ila huchakaa haraka.

Za kukataa

Kopo la kupuliza moja kwa moja juu ya kromu inayong'aa: hata bure usikubali.

Asidi nyumbani nakusihi uache. Asidi ya hidrokloriki hutoa kromu kweli, lakini mvuke wake huchoma mapafu, nikeli hubaki palepale, na kipande cha zinki huliwa. Mbaya zaidi ni kutumia chaja ya betri na kostiki soda. Kromu hutoka ikiwa katika hali inayosababisha saratani, na maji hubaki ya njano. Watu huyamwaga mtaroni, na mitaro yetu huishia Nairobi River. Kromu ikilazimika kutoka yote, ipeleke karakana ya uchovyaji yenye matangi yake, na uwaulize taka wanazipeleka wapi.

Kromu nzima ya gari adimu isipakwe kabisa. Ing'arishe.

Popote utakapopeleka kazi, lipa nusu na upigiwe picha ya kipande kikiwa kimesuguliwa, kabla ya praima. Ukienda kuchukua, angalia kwanza matundu ya bolti na upande wa nyuma, ndiko mafundi wanakofanya haraka. 2K ikishakauka siku chache, bandika teipu ukingoni uivute kwa nguvu. Isitoke na chochote. Wakati wa kufunga, weka washa za plastiki chini ya vichwa vya bolti, na kwa wiki chache za mwanzo waambie wa kuosha gari wasielekeze mashine ya presha kwenye kingo.